Wanasayansi wa Bangladesh: kazi ipi imefika shambani na kiwandani, na ipi imebaki maabara?

Mwalimu wa Nyegezi aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha baiolojia na kilimo katika shule moja ya sekondari hapa Nyegezi, na klabu yetu ya sayansi imepata meza kwenye maonesho ya Nanenane katika viwanja vya Nyamhongolo. Kwa kawaida meza za shule hujaa picha za Newton, Mendel na Pasteur. Safari hii wanafunzi wameamua kuwaonesha wageni wanasayansi wa nchi ambayo jina lake wanaliona kwenye lebo za mashati yao na kwenye magunia ya juti, yaani Bangladesh. Nimeukubali uamuzi wao, kwa sababu nchi hiyo iliyopata uhuru mwaka 1971 katikati ya vita inafanana nasi kwa jambo moja kubwa: ilitegemea zao la nyuzi kwa fedha za kigeni, kisha ikaliona likishuka thamani plastiki ilipoingia sokoni, kama mkonge ulivyoshuka kwetu.

Majina niliyokusanya hadi sasa ni machache. Muhammad Qudrat-i-Khuda, mwanakemia aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki mwaka 1977, aliongoza maabara za utafiti wa viwanda mjini Dhaka kuanzia mwaka 1955, na anatajwa sana kwa kazi ya kutengeneza chipubodi kutokana na mabua ya juti, ambayo wakulima walizoea kuyatumia kama kuni. Maqsudul Alam aliongoza usomaji wa vinasaba vya juti. Mubarak Ahmad Khan alibuni mfuko unaofanana na wa plastiki lakini unaotokana na juti. Haseena Khan wa Chuo Kikuu cha Dhaka ameshiriki katika utafiti wa vinasaba vya juti na wa samaki aina ya hilsa.

Sitaki meza yetu iwe ukuta wa sifa. Wazee wanaofika Nyamhongolo ni wakulima na wavuvi, nao huuliza swali moja tu: je, jambo hili limemsaidia nani? Naomba wenye ujuzi wanisaidie kutenganisha kazi iliyomfikia mkulima au kiwanda na kazi ambayo bado ni habari ya gazetini, na kama kuna lolote linalotuhusu sisi wa Kanda ya Ziwa, nitashukuru mkilitaja.

Mbegu na Udongo alijibu:

Mwalimu, hongera kwako na kwa vijana. Nilifanya kazi ya utafiti wa mazao kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, kwa hiyo naomba nianze na juti, ambayo ndiyo sehemu yenye utajiri zaidi katika swali lako.

Maqsudul Alam alizaliwa Faridpur mwaka 1954, akasomea Moscow na Ujerumani, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Hawaii. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa kazi ya kusoma vinasaba vya mpapai iliyochapishwa mwaka 2008, na baadaye akafanya kazi kama hiyo kwa mti wa mpira nchini Malaysia. Tarehe 16 Juni 2010 ilitangazwa bungeni Dhaka kwamba timu yake, iliyounganisha Chuo Kikuu cha Dhaka, Taasisi ya Utafiti wa Juti ya Bangladesh na kampuni ya kompyuta ya DataSoft, imekamilisha rasimu ya vinasaba vya juti aina ya tossa. Mwaka 2012 wakatangaza vinasaba vya kuvu aitwaye Macrophomina phaseolina, na mwaka 2013 vinasaba vya juti nyeupe. Alam alifariki Desemba 2014, na ulinganisho wa aina hizo mbili za juti ukachapishwa kwa ukamilifu mwaka 2017.

Kati ya kazi hizo tatu, ninayoiona kuwa na uzito kwa Kanda ya Ziwa ni ile ya katikati, ingawa ndiyo iliyopigiwa makofi machache zaidi. Kuvu huyo huozesha shina la juti, lakini hashambulii juti peke yake; anajulikana kushambulia zaidi ya aina 500 za mimea, ikiwemo pamba, mtama, mahindi na alizeti, na huwa mkali zaidi pale joto na ukame vinapoukuta mmea umedhoofika. Mkulima wa Kwimba au Misungwi ambaye amewahi kung'oa mtama uliolala chini na kukuta ndani ya shina kuna weusi kama wa makaa, ameiona kazi ya kuvu huyo bila kulijua jina lake. Kujua ni jeni zipi anazotumia kuuvunja ukuta wa seli za mmea ni faida kwa kila mtu anayezalisha mbegu zenye ukinzani, popote alipo.

Sasa nijibu swali lako bila kuzunguka. Ramani ya vinasaba haimlimii mtu shamba. Inampunguzia mtafiti wa mbegu muda wa kutafuta sifa anayoitaka, kwa mfano nyuzi zenye lignini kidogo (kitu kinachoufanya mmea uwe mgumu kama ubao), ambazo ni laini zaidi, au mmea unaostahimili chumvi; lakini bado lazima azalishe, ajaribu kwa misimu kadhaa, azidishe mbegu na kuisambaza. Nchi iliyosoma vinasaba vya juti bado inaagiza kutoka India sehemu kubwa ya mbegu za tossa zinazopandwa na wakulima wake. Sababu yenyewe haimo maabara: mkulima akiiacha juti shambani hadi itoe mbegu, anapoteza nyuzi nzuri na pia anachelewesha nafasi ya mpunga, kwa hiyo hesabu haimlipi. Jambo hilo liandikwe mezani kwenu kwa herufi kubwa, kwa kuwa wageni wenu wanaolima pamba wanaijua vizuri taabu ya mbegu inayochelewa kufika mvua zikiwa zimeanza.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi watalipenda. Juti ya tossa ni Corchorus olitorius, na huo ni mlenda. Kule Bangladesh majani yake machanga hupikwa kama mboga, huku nyuzi zikitoka kwenye gome la mmea ulioachwa urefuke kupita kimo cha mtu. Sisi tunachuma majani, tunayapika kwa magadi na kuyalia ugali, na shina tunalitupa. Aina nyingi za pori za jamii hiyo zinapatikana barani Afrika, kwa hiyo mmea huo si mgeni kabisa kwetu.

Fundi wa Mkuyuni alijibu:

Mzee Mbegu na Udongo ameeleza vizuri upande wa shamba. Mimi nimefanya kazi kwenye viwanda vya nyuzi, na naona upande wa kiwanda unahitaji kutazamwa kwa jicho kali zaidi, hasa huo mfuko wa Mubarak Ahmad Khan.

Sifa zake anastahili. Alifanya utafiti kwa miaka mingi katika Tume ya Nishati ya Atomiki ya Bangladesh, akitumia mionzi ya gama na kemia ya polima ili kuzifanya nyuzi za asili zishikamane vizuri na plastiki, na humo ndimo yalimotoka mabati ya juti yaitwayo Jutin, yasiyoshika kutu. Mfuko wake, unaoitwa Sonali, hutengenezwa kwa kutoa selulosi kwenye juti, kuiyeyusha, kuichanganya na kiunganishi kinachooza na kuianika iwe utando mwembamba. Ukiutazama kwa mbali utadhani ni mfuko wa nailoni, lakini ukiufukia ardhini unaoza.

Tatizo limo kwenye bei na kwenye mitambo. Kiwanda cha majaribio kiliwekwa ndani ya kinu cha serikali cha Latif Bawany huko Demra, Dhaka, na miaka ikapita uzalishaji ukiwa bado mdogo na mfuko mmoja ukigharimu mara kadhaa ya bei ya ule wa plastiki. Wakati huohuo, Julai 2020, serikali ilivifunga vinu vyake 25 vya juti kwa sababu ya hasara ya muda mrefu. Kabla ya hapo, mwaka 2002, Adamjee, kinu kilichowahi kuhesabiwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani vya juti, kilikwisha kufungwa. Mwalimu, tafakari: mwanasayansi anavumbua matumizi mapya ya zao, na vinu ambavyo vingelichakata vinafungwa milango. Sisi tuliovisikia viwanda vya nguo vya Mwanza vikinyamaza kimoja baada ya kingine hatuhitaji kueleweshwa zaidi.

Naongeza hili ili haki itendeke. Bangladesh ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku mifuko myembamba ya plastiki, mwaka 2002, baada ya kubainika kwamba iliziba mifereji na kuzidisha mafuriko. Sisi tulifanya hivyo tarehe 1 Juni 2019. Wao wamekiri wenyewe kwamba sheria yao ililegea na plastiki ikarudi sokoni, kwa kuwa hapakuwa na mbadala wa bei ambayo mama wa sokoni angeimudu. Ukipita soko la Kirumba leo ukatazama nyanya zinafungwa katika nini, utapata picha ya kuweka kwenye meza yenu.

Mkulima wa Majaruba, Magu aliandika:

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wengine. Naona mmeizungumza juti mno na kuusahau mpunga, ilhali kama kipimo ni kumfikia mkulima, mpunga ndio unaoshinda bila ubishi.

Taasisi ya Utafiti wa Mpunga ya Bangladesh, iliyoko Gazipur tangu mwaka 1970, ilitoa mwaka 1994 mbegu mbili zinazoitwa BRRI dhan28 na BRRI dhan29 kwa ajili ya msimu wa kiangazi unaotegemea umwagiliaji, nazo zikatawala mashamba ya nchi nzima kwa muda mrefu. Nchi iliyokuwa ikivuna takriban tani milioni 10 za mchele mwanzoni mwa uhuru sasa inavuna zaidi ya milioni 35, juu ya ardhi ambayo haijaongezeka. Waliofanya kazi hiyo hawana majina makubwa mtandaoni. Ni wataalamu wengi wa mbegu waliokuwa wakitembelea vishamba vya majaribio msimu baada ya msimu, na ninaona ni haki wapewe nafasi kubwa mezani kuliko wale watatu au wanne wenye picha. Mbegu hizo mbili nazo zimechoka: ugonjwa wa mlipuko wa majani na masuke umezizidi nguvu, na taasisi yenyewe inawahimiza wakulima wazibadilishe.

Mwaka 2010 walitoa BRRI dhan51 na BRRI dhan52, zinazoweza kuzama kabisa chini ya maji ya mafuriko kwa takriban wiki mbili na kuchipua tena. Jeni ya sifa hiyo ilitoka kwenye mbegu ya kale ya India na ikatambuliwa na watafiti wa Marekani na Ufilipino. Kazi ya Wabangladesh ilikuwa kuijaribu na kuifikisha mashambani kwao. Mwaka 2013 walitoa BRRI dhan62, mpunga wa kwanza duniani kuidhinishwa kwa ajili ya kuongeza zinki katika chakula. Huku kwetu, miaka ya karibuni ziwa lilipopanda, wenye majaruba ya pembezoni walipoteza mpunga uliokuwa umekwisha kutoa masuke. Mbegu inayovumilia kuzama ingewafaa, ila lazima ijaribiwe hapa kwanza, kwa kuwa inavumilia mafuriko ya siku chache na si maji yaliyokuja kukaa.

Kuhusu ule mpunga unaosemwa kuvunwa mara tano kwa kupandwa mara moja, unaohusishwa na Abed Chaudhury, mwanajenetiki wa Kibangladeshi aliyefanya kazi Australia, ningewashauri vijana wauweke upande wa habari za gazetini hadi utakapolimwa na wakulima wengi. Kila mtu wa majaruba anajua kwamba mpunga ukikatwa huchipua tena. Kinachohojiwa ni uzito wa mavuno ya pili na ya tatu, mbolea inayotumika, na wadudu wanaoendelea kuishi kwenye mabua yasiyong'olewa.

Mwalimu wa Nyegezi aliandika:

Nawashukuru sana, na dada wa Magu nimekusikia. Mpunga utapata ubao wake. Ningependa kuuliza mambo mawili zaidi. La kwanza, sisi ni watu wa pamba: je, kuna kazi yao yoyote ya pamba? La pili, mwanafunzi mmoja anataka kuweka biringanya zilizobadilishwa vinasaba, nami nasita kwa kuwa suala lenyewe lina ubishi.

Mbegu na Udongo alijibu:

Pamba ipo, Mwalimu, na ni kisa kinachostahili meza yake peke yake. Bangladesh hulima pamba kidogo mno, na ni miongoni mwa waagizaji wakubwa kabisa wa pamba duniani kwa ajili ya viwanda vyake vya nguo. Lakini zamani Dhaka ilisifika kwa melimeli, kitambaa chembamba sana cha pamba, iliyovaliwa na watawala wa Mughal waliotawala India ya zamani na baadaye na matajiri wa Ulaya. Ilifumwa kwa pamba ya pekee iitwayo phuti karpas, iliyoota kandokando ya mto Meghna na ndugu zake, na chini ya utawala wa Kampuni ya Uingereza ya Mashariki ya India na ushindani wa nguo za viwandani, ufundi huo ulikufa na mmea wenyewe ukapotea machoni pa watu.

Katika muongo uliopita Bodi ya Ufumaji wa Mikono ya Bangladesh iliunda kundi la watafiti, akiwemo Profesa Monzur Hossain wa Chuo Kikuu cha Rajshahi, ili kuutafuta mmea huo. Walikusanya pamba za pori kutoka sehemu mbalimbali za nchi, wakaenda London katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert kulikohifadhiwa melimeli ya kale, wakalinganisha vinasaba vya kitambaa na vya mimea waliyoikusanya, na mche uliokaribiana zaidi ukatoka Kapasia, wilaya ya Gazipur. Hapo kazi ilikuwa nusu tu, kwa sababu nyuzi za pamba hiyo ni fupi na hukatika kwenye mashine. Ilibidi wawafundishe wanawake kuusokota uzi kwa mkono, katika hewa yenye unyevunyevu, hadi kufikia uzi wa namba 500. Na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo uzi unavyokuwa mwembamba. Desemba 2020 melimeli ya Dhaka ikasajiliwa kuwa bidhaa yenye kitambulisho cha kijiografia, yaani inayotambuliwa kwa jina la mahali inapotoka.

Sisi tuna kituo cha Ukiriguru, ambacho tangu miaka ya 1930 kimekuwa kikizalisha mbegu za pamba zinazostahimili mnyauko fuzari na zenye majani ya vinyweleo yanayowachukiza chawajani. UK91 na UKM08 zilitoka pale. Waweke vijana mbegu hizo kando ya kisa cha phuti karpas, maana sehemu kubwa ya pamba yetu huondoka nchini ikiwa bado haijasokotwa.

Kuhusu biringanya, usisite, ila eleza kila kitu. Serikali ya Bangladesh iliidhinisha aina nne Oktoba 2013, na wakulima 20 wa kwanza wakakabidhiwa miche Januari 2014. Lengo lilikuwa kumzuia funza anayetoboa matunda na vikonyo, ambaye wakulima walimpulizia dawa mara nyingi mno katika msimu mmoja. Jeni iliyotumika, inayoufanya mmea utoe sumu ya kumuua funza huyo, ilitoka kampuni ya Mahyco ya India, na watafiti wa Bangladesh wakaiingiza kwenye aina zao wenyewe, ambazo mkulima anaweza kuhifadhi mbegu zake. Wanaopinga wana hoja kuhusu usimamizi, na kuhusu funza kuizoea sumu endapo mistari ya biringanya za kawaida haitapandwa pembeni. Serikali yetu ilisitisha majaribio ya mahindi ya namna hiyo mwaka 2018, kwa hiyo wageni watauliza. Wanafunzi wazieleze hoja za pande zote mbili.

Ungeongeza na Tofazzal Islam, mtafiti wa Bangladesh. Februari 2016 ugonjwa wa mlipuko wa ngano, uliokuwa haujawahi kutoka Amerika ya Kusini, ulishambulia takriban hekta 15,000 kusini-magharibi mwa Bangladesh. Yeye na wenzake wa Uingereza waliziweka data za vinasaba vya kuvu anayeusababisha hadharani mtandaoni papo hapo, bila kungoja jarida, na wanasayansi wa nchi nyingine wakazichambua hadi ikajulikana kwamba ulitokana na kuvu wa Amerika ya Kusini. Mwaka 2018 ugonjwa huo ukaonekana Zambia, jirani yetu.

Kijana wa Kayenze alijibu:

Wazee wangu, naomba niongeze la ziwani. Bangladesh wana magugu maji yaleyale yanayotuzibia mialo. Wakulima wa Gopalganj, Pirojpur na Barisal huyarundika yakawa matuta yanayoelea, wakapanda juu yake mboga na miche; ni ujuzi wa wakulima wenyewe, watafiti wameuboresha baadaye, na mwaka 2015 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuingiza katika orodha ya urithi wa kilimo duniani. Hapa Kayenze nisingeshauri kuiga moja kwa moja, kwa kuwa kwao ni maji yaliyotulia, na huku upepo wa mchana na mawimbi yangelitawanya tuta kabla mchicha haujaota. Pengine kwenye ghuba zilizojificha, au kwenye mabwawa ya samaki, jambo hilo lingewezekana.

Mwalimu wa Nyegezi aliandika:

Nimepata zaidi ya nilichoomba. Swali la mwisho, kwa Mzee Mbegu na Udongo: tunaweza kuonesha utoaji wa nyuzi kwa kutumia mlenda wetu wa kawaida?

Mbegu na Udongo alijibu:

Inawezekana, ila usitumie mlenda wa bustanini uliochumwa majani, kwa kuwa hutoa matawi mengi na nyuzi zake huwa fupi. Tafuta uliojiotea kwa msongamano na kurefuka, ukate unapoanza kutoa maua, uufunge mafungu na kuuloweka kwenye pipa, ukiukandamiza kwa jiwe ili usielee. Bakteria wataila gundi inayoshikanisha gome, na baada ya wiki mbili hadi tatu nyuzi zitachomoka kwa mkono. Chunguzeni kila siku kuanzia wiki ya pili, maana ukizidisha nyuzi zenyewe huoza. Usiloweke ziwani wala kwenye kijito, kwani maji ya kulowekea hukosa oksijeni na huua samaki. Na pipa liwe mbali na madarasa, kwa sababu harufu yake walimu wenzako hawataipenda.